Namna ya kufundisha dola ya Waluba ukianzia mtoni

Kila kitabu cha historia nilichokikuta kwenye kabati la shule kinasema kwamba mito ilisaidia falme za kale kukua, kisha kinageuza ukurasa. Mwanafunzi ananakili, anapiga mstari mwekundu chini ya neno "mito", na siku ya mtihani anairudisha sentensi kama alivyoipokea. Mto ulimsaidia nani? Ulimzuia nani? Na mfalme aliyejenga mbali na maji aliufaidi vipi? Hayo hayaulizwi.

Ninafundisha historia katika sekondari moja ya Katuba, hapa Lubumbashi. Huu ndio utaratibu ninaoutumia kwa dola ya Waluba, ufalme wa kale wa huku kwetu Katanga, vipindi viwili vya dakika 50. Mwenye kufundisha Lunda au Kongo ya kale achukue maswali na abadilishe ramani. Ila niseme mapema ninachokitafuta: sitaki watoto watoke wakisema mto ulimpa mfalme nguvu. Nataka wajue kwamba mto ulilisha watu kwa karne nyingi kabla ya mfalme yeyote wa masimulizi kutajwa, na kwamba nguvu ilimwendea yule aliyejua kusimama katikati ya wenye samaki na wenye chumvi, chuma na shaba.

Vitu vya kukusanya

Nenda soko la Kenya au la Mzee ununue kambale mmoja wa kukaushwa. Awe na harufu, usichague yule msafi. Ongeza chumvi kidogo kwenye kikaratasi, jembe lisilo na mpini, na kipande cha waya wa shaba. Fundi umeme yeyote wa mtaani atakupa vipande vilivyobaki. Chaki ya bluu ni lazima. Ramani ya kuchapishwa usilete. Ikiwepo, watoto wataiangalia hiyo badala ya kukuangalia wewe ukichora, na somo lote limo ndani ya kuchora.

Siku chache kabla, wape kazi ya nyumbani: waulize wakubwa wao. Katika darasa lolote la Lubumbashi hukosi watoto ambao nkambo wao (babu au bibi) ni mtu wa Bukama, wa Malemba-Nkulu, wa Kinkondja au wa Kabongo. Waulize: huko kwenu watu huvuka maji wapi, na nani hulipwa? Maji hupanda mwezi gani? Samaki hukaushwa vipi, kwa moshi au kwa jua? Majibu yatakayoletwa yana thamani kuliko kitabu, na mtoto ambaye huwa hanyanyui mkono siku hiyo atanyanyua.

Hapa kuna jambo la kuangalia. Neno "Baluba" katika mji huu si jepesi. Wapo Baluba wa Katanga, wapo Baluba wa Kasai, na kuna familia ambazo hazijasahau 1992 na 1993, miaka ambayo Wakasai walifukuzwa Katanga. Usingoje mabishano yaanze. Sema mwanzoni kabisa kwamba tunazungumzia watu waliokufa zamani, ambao hawakujua mkoa wala mpaka wa mkoa. Kisha mpe mtoto wa Kasai kazi inayolingana na ya wenzake: aulize nyumbani kuhusu mto Lulua au Lubilanji. Asikae kama mgeni kwenye somo ambalo nusu yake ni la kwake.

Chora mto polepole

Anzia chini ya ubao, upande wa kusini, karibu na mpaka wa Zambia. Mto Lualaba unaanzia huko na unapanda ubao. Simama hapo kidogo, kwa sababu wengi hudhani kwamba maji kwenye ramani lazima yashuke kuelekea sakafuni. Waambie: chini ya ubao kuna nyanda za juu, sisi hapa Lubumbashi tuko kwenye mita kama 1,200, na bonde tunalolielekea kaskazini liko chini karibu nusu ya hapo. Maji yanafuata kimo, hayajui ubao.

Pandisha mstari upite karibu na Kolwezi, na kwenye magenge ya Nzilo piga alama ndogo ya kukata. Endelea hadi Bukama. Kuanzia Bukama badilisha mkono: mstari uwe mnene, uyumbe, kwa sababu mto umeingia kwenye bonde la Upemba na umepunguza mwendo. Chora maziwa, Upemba, Kisale, Kabamba, na uyazungushie vistari vya mafunjo. Kisha uilete Lufira, mto mwingine, kutoka upande wetu huu, ipite karibu na Likasi, ishuke maporomoko ya Kiubo (alama nyingine ya kukata), iingie bondeni kwenye Kisale. Pandisha Lualaba tena: Ankoro, ambapo Luvua inaingia ikitoka ziwa Mweru, Kabalo, Kongolo. Baada ya Kongolo weka alama ya tatu, maana hapo mto unabanwa na miamba kwenye mahali ambapo wakoloni walipaita Mlango wa Jehanamu. Mwisho chora Lomami upande wa magharibi, peke yake, ikipanda sambamba.

Sasa nyamaza, uwaachie ubao. Waulize: mtumbwi unaweza kwenda wapi bila kubebwa begani? Watachukua muda, lakini wataona wenyewe. Kati ya Bukama na Kongolo hakuna alama hata moja, na ni safari ya zaidi ya kilomita 600. Wakishaona, wape mwaka 1918, reli kutoka mji wetu ilipofika Bukama. Wabelgiji walifikisha reli pale ambapo meli zingeweza kuanza kuelea. Hesabu hiyo wavuvi wa bondeni walikuwa wameifanya zamani bila mhandisi.

Swali la pili kwenye ubao huo huo: shaba ya huku kwetu ilifikaje Kisale? Watajibu kwa mtumbwi. Waonyeshe alama za Nzilo na Kiubo. Shaba ilianza safari kwa miguu, kichwani na begani, na mto ukaipokea huko chini. Jambo hili dogo ndilo linalovunja ile picha ya mto kama barabara moja ndefu. Mto wa Katanga ni vipande, na penye kiungo kati ya kipande na kipande ndipo mtu anapoweza kukaa na kudai chake.

Bondeni, kabla ya wafalme

Hapa nakaa muda mrefu, na nakushauri ukae pia, kwa sababu ndiko kuliko na ushahidi wa kushikika.

Eleza kwanza jinsi bonde linavyofanya kazi. Mvua zinaanza Novemba, maji yanatanda juu ya tambarare, samaki wanaingia kwenye majani kuzaa na kula. Maji yanaporudi, yanaacha madimbwi yaliyojaa samaki na udongo mzuri wa kulima. Kambale na wenzake wanakaushwa, na samaki aliyekaushwa anaweza kusafiri wiki nyingi bila kuoza. Mpitishe yule kambale wako mkononi kwa kila mmoja. Wataziba pua na kucheka. Waambie ndicho chakula kilichoweza kuondoka bondeni na kwenda kutafuta bei kwingine. Mafunjo nayo hung'oka, huelea na kufunga njia za maji, na kuzifungua ni kazi ya mikono mingi. Mikono mingi huhitaji mtu wa kuiita.

Kisha waambie kuhusu Sanga, ufukoni mwa Kisale. Mwaka 1957 na 1958, Jacques Nenquin na Jean Hiernaux walifukua huko makaburi zaidi ya 100, na Pierre de Maret akaendeleza kazi bondeni kuanzia miaka ya 1970. Kati ya karne ya 10 na ya 13 hivi, watu wa Kisale walizikwa na vyungu vizuri sana, vyombo vya chuma, mapambo ya shaba, na baadhi yao na makombe ya kauri yaliyotoka Bahari ya Hindi. Shaba haichimbwi bondeni, na bahari iko mbali mno. Basi mtu wa Kisale alikuwa na kitu cha kutoa, na ninyi mmekinusa sasa hivi.

Kuna jambo la makaburi hayo ambalo wanafunzi hulikumbuka kuliko yote: mtoto alizikwa na vyungu vidogo, mtu mzima na vikubwa, ukubwa wa chungu ukifuata umri wa marehemu. Watu walioweza kumfinyangia mtoto vyungu vya saizi yake, kwa ajili ya udongoni tu, hawakuwa watu wa njaa.

Na huko Kamilamba, kwenye kaburi la kati ya karne ya 8 na ya 10, kulikutwa shoka la heshima lenye mpini uliopambwa kwa misumari, na fuawe la chuma karibu na kichwa cha aliyezikwa. Mashoka ya namna hiyo na kazi ya mhunzi yalikuwa bado alama za utawala kwa Waluba wa karne ya 19. Dola yenyewe wanahistoria wengi huianzisha baadaye sana, karne ya 16 au ya 17. Andika tarehe zote mbili ubaoni na uache nafasi kubwa katikati. Nafasi hiyo ndiyo inayosema kwamba alama za ukubwa zilikuwepo bondeni muda mrefu kabla ya mfalme.

Misalaba ya shaba, ile iliyokutwa makaburini humo, ifundishe kwa katoni. Kata msalaba mmoja mkubwa, na misalaba midogo mingi inayolingana. Mkubwa mfungie mwanafunzi mmoja kifuani, midogo mpe mwingine iliyofungwa pamoja, aishike mkononi. Uliza: nani anaweza kununua samaki watatu tu? Makaburi ya zamani zaidi yenye misalaba yana michache, mikubwa, juu ya mwili kama pambo la mtu mkubwa. Ya baadaye yana midogo, ya vipimo vinavyokaribiana, imefungwa pamoja. Heshima iligeuka kuwa pesa. Huhitaji kusema zaidi, mwenye misalaba midogo atakuwa ameshaanza kupiga bei.

Igizeni kuvuka

Masimulizi ya mwanzo wa dola wengine huyapita haraka kama hadithi ya watoto. Mimi huyaigiza, kwa sababu ndani yake mto unafanya siasa waziwazi.

Sukumeni madawati pande mbili, nafasi ya katikati iwe Lualaba. Upande wa magharibi yuko Nkongolo, mtawala mkali. Amewahi kumpokea mwindaji mgeni kutoka mashariki, Mbidi Kiluwe, ambaye alizaa na dada wa Nkongolo, Bulanda, mtoto aliyeitwa Kalala Ilunga. Kijana amekua, ni shujaa, na mjomba wake anamhofia. Anamwandalia ngoma ya kucheza juu ya shimo lililofichwa, lenye mikuki ndani. Kalala anaonywa, anakimbia, anafika mtoni, anavushwa. Anamwambia mvushaji asimvushe mtu mwingine anayemfuata. Nkongolo anafika na watu wake, anaita mtumbwi, mtumbwi hauji. Anajaribu kujenga njia juu ya maji, inashindikana. Kalala anaenda kwa baba yake, anarudi na jeshi, na huo ndio mwisho wa Nkongolo.

Chagua mvushaji vizuri. Usimpe mkubwa wa darasa, mpe kijana mdogo asiye na makuu, umpe rula awe na kasia. Kisha mwache Nkongolo ampigie kelele. Darasa litaona kitu ambacho sentensi ya kitabu haisemi: mwenye jeshi amesimama ukingoni, na anayeamua ni mwenye kasia. Uliza mara moja, kabla kicheko hakijaisha: mvushaji huyu anamtii nani? Anakula kwa nani? Mfalme afanye nini ili safari ijayo mtumbwi uje? Nimesikia majibu ya kila namna hapo, ampe mke, ampe shamba, amtishe, amweke ndugu yake kwenye kivuko. Yote ni majibu ya utawala. Yaandike ubaoni jinsi yalivyosemwa.

Waeleze pia kwamba simulizi hii ina matoleo mengi, na kwamba hakuna anayeweza kumpa Kalala Ilunga tarehe ya kuzaliwa. Tunaitumia kuona Waluba wenyewe walifikiri nini juu ya mto, siyo kuhesabu miaka.

Mbona mfalme hakukaa Kisale?

Kipindi cha pili nakifungua kwa swali hili na siwapi dokezo. Bonde lina samaki, lina watu, lina makaburi ya kitajiri. Lakini masimulizi na wasafiri wanatuonyesha makao ya wafalme kwenye nchi ya savana iliyo kati ya Lomami na Lualaba, pande za Kabongo na ziwa Boya. Mwingereza Cameron alipopita mwaka 1874, Kasongo Kalombo alikuwa na mji wake upande huo, hakuwa Kisale.

Waache wabishane, kisha weka vitu sakafuni kwa kufuata ramani. Kambale mashariki, bondeni. Chumvi na jembe katikati, kwenye nchi ya mfalme, kwa sababu huko kulikuwa na mabwawa ya chumvi na mawe ya chuma. Waya wa shaba kusini kabisa, kwetu. Sasa wape watoto wanne vitu hivyo na uwaambie kila mmoja hawezi kuishi na chake peke yake: mvuvi anataka chuma na chumvi, mwenye chumvi anataka kitoweo cha kula na bukari wake, yaani ugali (bukari wa mtama, mahindi yalikuja baadaye), na wote wanataka shaba. Wakishaanza kubadilishana, mwingize mtoto wa tano asiye na kitu ila kiti. Yeye ndiye mulopwe, mfalme wa Waluba. Kazi yake ni kuhakikisha wanabadilishana kwake, na kila mmoja anamwachia kidogo.

Hapo ndipo fundo linapofunguka. Anayemiliki samaki tu ni tajiri mpaka wenye chuma wakatae kuja. Mfalme wa Waluba alikaa kwenye chumvi na chuma, akaunyoshea mkono mto. Kwa machifu wa mbali alituma alama za heshima, fimbo, mashoka, vishikio vya mishale, pamoja na baraka ya damu yake ya kifalme. Wao wakaleta kodi. Bonde la maziwa liliingia kikamilifu chini ya mkono wake baadaye kuliko wengi wanavyodhani, na wakati wa wafalme Ilunga Sungu na Kumwimbe Ngombe, mwisho wa karne ya 18 na mwanzo wa ya 19, nguvu hiyo ikavuka Lualaba kuelekea mashariki.

Ukibaki na dakika chache, taja lukasa, ubao wa mkononi wenye shanga ambao watu wa chama cha Mbudye waliutumia kukumbuka wafalme, mahali na safari. Wape kazi ya nyumbani watengeneze wa kwao kwa katoni na vifungo vya shati, waoneshe mto, kivuko na ziwa, kisha wausome mbele ya darasa kwa kidole.

Linganisha, lakini kwa ufupi

Falme nyingine mbili zinatosha. Kazembe wa Luapula alitoka kwa Walunda wa magharibi, akavuka Lualaba, akajenga kwenye bonde la Luapula lenye samaki wengi. Msafara wa Mreno Lacerda ulipofika huko mwaka 1798, ulimkuta mtawala aliyeshikilia njia ya kati ya pande mbili za bara. Kazembe alikaa bondeni, tofauti na mulopwe. Waulize kwa nini. Na Msiri alitawala kutoka Bunkeya, si mbali na Lufira, karibu na chumvi na shaba ya eneo hilo, hadi alipouawa Desemba 1891 na watu wa msafara wa Stairs, uliotumwa na Leopold wa Ubelgiji. Usiingie kwenye kifo chake, kitakula saa yote.

Kuhusu kuanguka kwa Waluba sema machache: bunduki, wafanyabiashara wa kutoka pwani waliofika kwenye Lualaba pande za Nyangwe, wengine kutoka Angola, na ndugu wa kifalme waliotafuta msaada wa wageni hao ili kugombania kiti.

Mtihani na makumbusho

Swali ninalotoa ni moja: kwa nini makao ya mfalme wa Waluba hayakuwa Kisale? Alama kamili anapata aliyetaja angalau bidhaa mbili na mahali zinapotoka, kizuizi kimoja cha mto, na mtu mmoja ambaye mfalme alihitaji kukubaliwa naye. Anayeniandikia kwamba maji ni uhai simpi kitu, hata kwa mwandiko mzuri.

Mkiweza kwenda Makumbusho ya Taifa hapa mjini, nendeni baada ya somo, siyo kabla. Gawa darasa makundi madogo, maana vyumba havibebi watoto wote kwa pamoja. Kila kundi lipewe kitu kimoja cha kutafuta, chungu au msalaba wa shaba, na lichore kwa penseli kabla ya kusoma maandishi yaliyo pembeni. Kwa msalaba, walinganishe ukubwa na kiganja chao bila kugusa kioo, waandike kama ungeweza kubebwa kumi kwa mkono mmoja. Jibu hilo walete darasani, mnalo la kubishania kipindi kinachofuata.